Majenerali wa Mbeni

Mwadingusha, kwenye Mto Lufira, katika eneo la Likasi, maji huporomoka kutoka bwawa lililozaa Ziwa Tshangalele. Mtambo wa hapo ulianza kufua umeme mwaka 1930, lakini hadi enzi za Zaire haukuitwa Mwadingusha. Uliitwa Francqui, na maporomoko yenyewe Wabelgiji waliyaita Cornet. Mtambo wa Koni, chini kidogo kwenye mto huohuo, ulipewa jina la Bia. Ile miwili ya Mto Lualaba, Nzilo na Nseke, ilipojengwa katika miaka ya 1950 ikaitwa Delcommune na Le Marinel. Majina hayo ukiyasoma kwa pamoja unasoma habari ya mbio. Mwaka 1891 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji na Cecil Rhodes walikuwa wakishindania Katanga, na Leopold alituma msafara baada ya msafara kwa Msiri, mtawala wa Bunkeya. Alitangulia Paul Le Marinel, akafuata Alexandre Delcommune. Mwezi Desemba aliwasili William Stairs, ofisa aliyesoma katika chuo cha kijeshi cha Kingston huko Kanada, akiwa na mamia ya wapagazi na askari, wengi wao Waswahili wa Unguja na Mrima. Siku ya 20 Desemba 1891 Msiri alipigwa risasi na Omer Bodson, ofisa wa msafara wa Stairs, na Bodson naye akauawa palepale. Lucien Bia na Émile Francqui walifika mwanzoni mwa 1892, wakiwa na mjiolojia Jules Cornet. Hivyo mitambo ya umeme ya Katanga ilikuwa kumbukumbu ya watu waliotumwa kuiwahi Katanga kabla ya wapinzani wao.

Katanga ilikuwa na mashindano mengine ya vyeo na sare, yasiyopewa jina la bwawa wala la barabara. Ni yale ya Beni, ngoma ya gwaride iliyozaliwa pwani ya Waswahili, ikasambaa hadi bara, na ilipofika kwenye migodi ya shaba ikaitwa Mbeni. Ndani yake vibarua, makarani, madereva na askari waliostaafu walipeana vyeo vya mfalme, gavana, jenerali, hakimu na daktari, kisha wakashindana kundi kwa kundi nani anatembea vizuri zaidi, nani nadhifu zaidi, nani anakaribisha wageni kwa ukarimu zaidi. Naamini makundi haya yalikuwa vyuo vya kwanza vya uongozi ambavyo watu wetu walijiundia katika zama za ukoloni, na kilichoyafanya yawe vyuo ni ule ushindani wenyewe. Kulitii kundi lako kulikufundisha nidhamu. Kulikabili kundi la wenzako, kwa kanuni mnazokubaliana nyote, kulikufundisha kuongoza. Mambo haya mawili hayafanani, na katika historia ya Kongo tofauti yake iligharimu damu.

Tuanzie pwani. Mombasa na Lamu zilikuwa na desturi ya kushindana kwa mitaa na mataifa kabla Mzungu yeyote hajasimamisha gwaride. Lamu ilikuwa na Mkomani na Langoni. Mombasa ilikuwa na Thelatha Taifa na Tisa Taifa. Watu walishindana kwa ngoma, kwa mashairi na kwa karamu. Mwishoni mwa karne ya 19 zikasikika bendi za tarumbeta, ya Sultani wa Unguja na ya vijana wa misheni ya Freretown, na gwaride la askari na mabaharia likawa jambo la kuonekana kila siku bandarini. Vijana wa mjini wakalichukua gwaride hilo na kulitia ndani ya desturi yao. Yakazuka makundi ya Kingi na Scotchi, na Mombasa ikaongeza ya Kilungu na Settla. Terence Ranger, aliyefundisha historia Dar es Salaam katika miaka ya mwanzo ya uhuru, aliifuatilia safari yote ya ngoma hii katika kitabu alichokitoa mwaka 1975, na hoja yake kuu ni hii: ala na sare zilikuwa za kigeni, lakini mpango wa kushindana ulikuwa wa wenyeji.

Katika Tanganyika ya Wajerumani, Beni iligawanyika pande mbili zilizojulikana hadi kwenye maziwa: Marini na Arinoti. Marini walijihesabu wastaarabu, watu wa pwani, makarani na walimu, wakijinasibisha na wanamaji. Arinoti waliwapokea wa bara, vibarua na wapagazi, na ngoma yao ilikuwa na vishindo zaidi. Kisha ikaja vita ya 1914 hadi 1918. Wakubwa nao walikuwa na mashindano yao: mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo na ya Waingereza kutoka Mwanza yalikimbizana kuiwahi Tabora, na Wakongo wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo, ndio walioingia, tarehe 19 Septemba. Lakini kambini, kwa askari wa kawaida, kwa wapagazi na kwa mateka, Marini na Arinoti ziliendelea kupokea wanachama. Vita ilipokwisha, waliokuwa wamevaa sare ya Mjerumani na waliokuwa wamevaa ya Mwingereza walijikuta ndani ya Marini moja au Arinoti moja, wakicheza bega kwa bega. Inafaa kulitafakari jambo hilo polepole. Vita ambayo si yao iliwafanya maadui, na shindano walilojichagulia likawafanya wenzi. Maofisa wa Uingereza walioichunguza Beni baada ya vita walitiwa hofu na hilo hasa, yaani mtandao wa watu weusi uliovuka mipaka ya makoloni bila kuomba ruhusa ya mtu.

Ndani ya makundi hayo kulikuwa na kazi halisi. Mwanachama akihama kutoka Tanga kwenda Dar es Salaam, au kutoka Nyasaland kwenda migodini, aliwakuta wenzake wa kumpokea. Akiugua alitazamwa, akifa alizikwa kwa heshima. Cheo kilikuwa na majukumu yake: mwenye cheo cha hakimu alisuluhisha ugomvi, mwenye hazina alitunza michango. Njia mojawapo ya kuona jinsi jambo hili lilivyochukuliwa kwa uzito ni kutazama Kalela, ngoma iliyotokana na Mbeni, ambayo mwanaanthropolojia J. Clyde Mitchell aliiona mwaka 1951 huko Luanshya, kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo). Wachezaji walivaa suruali zilizopigwa pasi, shati safi na viatu vilivyong'aa. Kulikuwa na daktari mwenye joho jeupe lenye msalaba mwekundu kifuani. Kulikuwa na nesi, mwanamke aliyevaa nyeupe, akipita katikati ya wachezaji na kioo na leso ili kila mmoja ajitazame, ajifute jasho, arudi mstarini akiwa nadhifu. Watu hao wiki nzima walikuwa chini ya ardhi au kwenye tanuri za shaba, wakiitwa kwa namba au kwa neno boi. Jumapili alasiri walikaguliwa na mwenzao, kwa upole, kwa kioo cha mkononi.

Katanga iliipokea Mbeni kwa njia mbili: askari waliorudi kutoka vitani, na vibarua wa Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini ambao kampuni ya shaba ya Union Minière iliwaajiri kwa wingi kabla haijaanza, mwishoni mwa miaka ya 1920, kuwapa wafanyakazi wa Kongo makazi ya kudumu pamoja na wake na watoto wao. Élisabethville, Lubumbashi ya leo, ilikuwa mji wa wageni. Hakuna aliyeweza kumtegemea mjomba au babu aliye umbali wa safari ya wiki tatu. Mbeni ilijaza pengo hilo, na pembeni yake zikakua jumuiya nyingine zilizogawa vyeo vya utawala wa Kibelgiji kwa wanachama weusi. Huo ndio wakati Jadotville, Likasi ya leo, ilipokuwa ikigeuka mji wa viwanda: kiwanda cha Shituru kilianza kusafisha shaba kwa umeme mwaka 1929, na mwaka uliofuata nguvu ya Lufira ikaanza kutoka Mwadingusha. Kampuni ilihesabu wafanyakazi wake kama ilivyohesabu kilowati, kwa uangalifu mkubwa. Wamisionari Wakatoliki hawakuzipenda jumuiya hizo, kwa sababu zilikuwa na uongozi usiowekwa na padri wala na kampuni. Hata hivyo Kiswahili kilichokuwa lugha ya kambi ndicho kilichokuwa lugha ya gwaride, na Mluba wa Kasai, Mbemba, Mlunda na Mhemba waliweza kusimama mstari mmoja wakasikia amri moja.

Wapo wanaosema haya yote yalikuwa kuiga wazungu, na kwamba mtu anayejiita gavana wa uongo anazidi kumtukuza gavana wa kweli. Hoja hii ina uzito, na wasomi wengi wa baada ya uhuru waliikubali. Lakini ikipimwa kwa ushahidi inapwaya. Anayeiga tu huiga umbo na kuacha kazi; Beni iliiga umbo ikalipa kazi mpya, ya kuzika, kupokea na kusuluhisha, ambayo gavana wa kweli hakuwahi kuifanya. Tena tuangalie wanaoheshimika kwa jambo hilohilo. Tarehe 29 Novemba 1890, miaka michache tu kabla ya Beni kuvuma Mombasa, wanafunzi wa chuo cha jeshi la nchi kavu cha West Point na wale wa chuo cha wanamaji cha Annapolis, Marekani, walicheza mechi yao ya kwanza ya mpira wa Kimarekani. Hadi leo mechi hiyo ni sherehe ya taifa. Ikimalizika, timu zote mbili husimama pamoja na kuimba wimbo wa chuo kilichoshindwa, kisha wimbo wa chuo kilichoshinda. Hakuna anayesema vijana wale wanaiga vita. Wote wanaelewa kwamba wanajenga fahari ya chuo chao na heshima kwa chuo cha wenzao. Marini walijinasibisha na wanamaji na Arinoti wakawa wapinzani wao kwa mantiki ileile. Kilichotofautisha ni kwamba West Point ilikuwa na serikali nyuma yake, na Marini walikuwa na michango ya senti.

Pingamizi la pili silikatai. Mashindano yalikula fedha. Pwani, familia ziliingia madeni ili kundi lao lichinje ng'ombe wengi kuliko wapinzani, na mara nyingine ngoma iliishia kwa mapigano ya fimbo. Marini waliwadharau Arinoti kwa nasaba na mavazi, na dharau hiyo haikufutwa na kucheza pamoja. Lakini tukiyatazama makundi haya kwa muda mrefu tunaona kwamba dharau hiyo ilikuwa na mpaka. Marini hawakuweza kushinda bila Arinoti kuwapo. Ilibidi wakubali kwamba kibarua wa bara anastahili kupimwa nao uwanja mmoja, mbele ya watazamaji walewale. Katika jamii iliyokuwa imetoka utumwani juzi, kukubali hivyo lilikuwa jambo kubwa. Mkoloni hakuwahi kulikubali: hakukuwa na uwanja wowote ambao Mbelgiji na Mkongo walipimwa sawasawa.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote: kwamba ngoma iliwapa watu mahali pa kupunguzia hasira zao, ikamnufaisha bwana. Ushahidi wa mwaka 1935 unalijibu. Tarehe 22 Mei mwaka huo wachimbaji wa Mufulira, Rhodesia ya Kaskazini, waligoma baada ya kodi kupandishwa, na mgomo ukavuka hadi Nkana na Luanshya. Huko Luanshya polisi walifyatua risasi tarehe 29 Mei na kuua watu 6. Tume ya serikali iliyochunguza ilijikuta ikiuliza habari za Mbeni, kwa kuwa mitandao yake na viongozi wake walitajwa kuwa miongoni mwa waliopitisha habari kutoka mgodi hadi mgodi. Watu waliozoea kupanga ziara ya kundi lao kwenda kwa wapinzani, kuandika barua, kukusanya michango na kuwaweka mamia ya watu mstarini walikuwa tayari na chombo, na siku ilipofika walikitumia kwa jambo jingine. Sidai kwamba Mbeni ilisababisha mgomo. Nasema kwamba bila shule ile ya Jumapili, wagomaji wa makabila mengi wangeanza bila mtaji wowote. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière nao waligoma, Jadotville na Élisabethville, na jeshi likawaua makumi ya watu.

Sasa tulilinganishe hilo na shule ambayo mkoloni mwenyewe aliiendesha. Force Publique ilikuwa jeshi lenye nidhamu kali na sifa za ushindi wa Tabora na Mahenge, lakini kwa miaka zaidi ya 70 haikumruhusu Mkongo kuwa ofisa. Kijana hodari kuliko wote angeweza kufika cheo cha adjuda akakoma hapo. Tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, jeshi la watu wapatao 25,000 liliongozwa na maofisa Wabelgiji wapatao 1,000, na hakuna hata mmoja mweusi kati yao. Siku tano baadaye mkuu wa jeshi hilo, Jenerali Émile Janssens, aliwakusanya wanajeshi na kuandika ubaoni kwamba baada ya uhuru ni sawa na kabla ya uhuru. Uasi ulianza siku hiyo, na tarehe 11 Julai Katanga ikatangaza kujitenga. Wanahistoria wana sababu nyingi za kueleza maafa ya mwaka huo, na siasa za shaba ni mojawapo kubwa. Lakini ukweli huu hauondoki: jeshi lilikuwa limefundishwa kutii kwa miongo mingi, na halikuwahi kufundishwa kupokezana uongozi. Vibarua wa kambi za shaba walikuwa wamejichagulia majenerali, wakawaondoa, wakawapandisha wengine, na wakapeana mkono na upande ulioshinda, tangu kabla Mwadingusha haijawasha taa yake ya kwanza.

Mbeni yenyewe ilififia kadiri vyama vya wafanyakazi, vyama vya siasa na mpira wa miguu vilivyochukua watu wake. Huko Lubumbashi, Mazembe na Lupopo, klabu za mpira zilizoanzishwa zote mwaka 1939, ya kwanza na mapadri Wabenedikto na ya pili na watu wa reli, zikarithi sehemu kubwa ya moto ule. Kando ya Ziwa Nyasa urithi ulibaki wazi zaidi. Huko Malawi wachezaji wa malipenga bado wana vyeo na sare, wanapuliza vibuyu vyenye sauti ya tarumbeta, na kundi la kijiji kimoja likikitembelea kingine, wenyeji ndio wanaowapikia wapinzani wao.

Leo kila jeshi la eneo letu lina chuo chake cha maofisa: Kananga kwa Kongo, Monduli kwa Tanzania, Lanet kwa Kenya, Kabamba kwa Uganda, Gako kwa Rwanda. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo ilijiunga nayo mwaka 2022, ina michezo yake ya kijeshi, na vyuo hivyo navyo vingeweza kushindana kwa mfano huo. Yupo atakayeniuliza michezo ina maana gani wakati mashariki ya Kongo kunazikwa watu. Nitamjibu kwamba Marini na Arinoti hazikusimamisha vita ya 1914, na haingekuwa haki kuwadai maofisa wanafunzi jambo hilo. Zilichokifanya ni kuwahi: vita ilipokoma, waliopigana walikuwa na mahali pa kukutania wakiwa sawa, wenye kanuni moja na cheo kinachotambulika pande zote. Majeshi yetu yatakapohitaji mahali kama hapo, hayatapata muda wa kuanza kupajenga.

Kwa upande wa Katanga, kazi ya kwanza ni ya kumbukumbu. Majina ya Francqui na Bia yamehifadhiwa katika nyaraka za kampuni, hata baada ya mitambo kubadilishwa majina. Majenerali wa Mbeni wamebaki katika picha zilizofifia na katika masimulizi ya wajukuu. Chuo Kikuu cha Likasi kina walimu na wanafunzi wanaoweza kwenda Kikula, Panda, Shituru na Mwadingusha kuwasikiliza wazee wa familia za Gécamines, kampuni iliyorithi Union Minière, kunakili picha zao na kuandika nani alikuwa mfalme wa kundi gani, alichaguliwa vipi, na alikabiliana na nani. Familia zenye picha hizo zisizitupe. Ziandikwe majina nyuma, kwa kalamu ya risasi, wakati wanaoyajua bado wapo.